Nguva aliyelia wino

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Ujiji. Mtoto wa kaka yangu anatimiza miaka 9 mwisho wa mwezi huu, na kichwani mwake hamna kitu ila nguva. Nikaamua kumtengenezea kadi kwa mkono. Nilichonga mhuri wa nguva kwenye kifutio kikubwa, nikaugonga kwenye manila kwa wino wa pedi ya ofisini, ukatoka vizuri kabisa. Nilipoanza kupaka rangi za maji uso wote ukachuruzika, akawa kama nguva aliyefiwa, na manila yenyewe ikajikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Nimeshaharibu karatasi tano. Kosa ni la mhuri, la wino, au la mkono wangu? – Shangazi

JIBU: Shangazi, mkono wako hauna kosa, na huo mhuri usiutupe. Mkosaji ni ile pedi ya ofisini.

Wino wa pedi za kawaida ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji na gliserini, au kitu cha jamii hiyo. Gliserini ndiyo inayoifanya pedi ibaki na unyevu hata karani akisahau kuifunika siku nzima. Sasa ukigonga, wino huo haukauki kama rangi ya ukuta inavyokauka. Unanywewa tu na karatasi, unajilaza humo. Kwenye barua ya mtendaji wa kata hilo halina madhara, maana nani ataipitishia barua brashi yenye maji? Wewe umepitisha. Wino ukakutana na maji, ukaamka. Hata ungesubiri hadi kesho yake ungeamka tu, labda kwa uvivu kidogo.

Kwa hiyo ninawaambia hivi wote wanaofika kibandani kwangu: mchoro na rangi visinywe kikombe kimoja. Mchoro ukiwa wa maji, rangi iwe kavu. Rangi ikiwa ya maji, mchoro uwe wa kitu kisichojuana na maji. Zile maka peni zinazonuka spiriti nazo zina tabia yake, zinaweza kuuvuruga hata wino ambao maji yameshindwa nao, kwa hiyo zijaribu kwanza pembeni. Jaribio lenyewe ni la dakika chache. Gonga kwenye kipande cha manila unayoitumia, acha kikauke, lowanisha kidole, sugua. Kidole kikitoka kisafi, endelea. Kikitoka na rangi, umeokoa karatasi ya sita.

Njia rahisi kuliko zote ni kubaki na pedi yako na kuachana na rangi za maji, upake kwa penseli za rangi peke yake. Ukifanya hivyo utapata kadi nzuri, sitakudanganya. Ila nguva bila maji yanayotiririka nyuma yake ni kama ugali bila mboga, kwa hiyo ninakupa njia ninayoipenda zaidi, na haihitaji kuagiza kitu Dar es Salaam.

Nenda kwenye fotokopi.

Gonga nguva wako kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, rekebisha kasoro kwa kalamu nyeusi na wino mweupe wa kufutia, kisha mpe mwenye mashine akutolee nakala juu ya manila. Kile kinachotoka kwenye fotokopi kinaitwa wino kwa mazoea tu. Ni unga mweusi wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kugandamizwa kwenye karatasi. Maji yanapita juu yake kama yanavyopita juu ya jani la yugwa. Faida nyingine ni kwamba nguva ukimwona mdogo anakuzwa, ukimwona mkubwa anapunguzwa, na ukiharibu nakala moja karatasi mama iko salama nyumbani. Manila uikate kwanza iwe A4, yaani milimita 210 kwa 297, na uombe iingizwe moja moja kwa trei ya pembeni, kwa sababu ikipitishwa njia ya chini inaweza kukwama na utakunjiwa uso.

Wapo wanaosema huko ni kudanganya, kwamba kadi ya mkono lazima kila kitu kitoke mkononi. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa, ile aliyoiagiza Henry Cole jijini London mwaka 1843 na kuchorwa na John Callcott Horsley, ilichapwa mistari tu, kisha nakala zikapakwa rangi kwa mkono moja baada ya moja. Uko kwenye njia ya wazee wa kazi.

Tahadhari moja, na hii nimeilipia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na oda ya kadi 40 za kipaimara. Nikaacha karatasi mama kwenye duka moja, nikaenda kunywa chai. Kijana akaona fotokopi ina foleni, akaskani akazitoa zote kwenye printa ya wino, ile ya vichupa vya rangi vya pembeni. Kwa macho huwezi kutofautisha. Niligundua kwenye kadi ya kwanza, brashi ilipogusa bawa la malaika likageuka moshi. Siku hizi nauliza, «Hii ni ya leza?», yaani ya ule unga wa plastiki, na nalowanisha kidole palepale dukani, wakinicheka sawa.

Ukiwa huna fotokopi karibu, chukua rangi nyeusi ya akriliki, ipake nyembamba sana kwenye sponji ya kuoshea vyombo, gonga sponji juu ya mhuri, kisha mhuri juu ya karatasi. Ikikauka imekauka, maji hayairudishi. Tatizo ni kwamba inakauka hata kwenye mhuri, kwa hiyo kila baada ya kugonga mara mbili au tatu osha kwa mswaki wa zamani.

Sasa manila kujikunja. Karatasi ni nyuzinyuzi, zikinywa maji zinavimba, na wewe ulizinywesha upande mmoja tu. Ibandike manila kwenye ubao pande zote nne kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi wa magari, usiibandue mpaka ikauke kabisa. Ikiwa bado imepinda, lowanisha mgongo wake kidogo kwa kitambaa chenye unyevu, iweke kati ya karatasi safi mbili, ilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito. Asubuhi itakuwa imenyooka.

Hayo ndiyo uliyoyauliza. Ila umenitumia na picha ya mhuri wako, na nina neno kuhusu nguva mwenyewe.

Umemchonga kama wale wa kwenye mifuko ya shule: nywele ndefu za mawimbi, kiuno cha nyigu, kakaa juu ya jiwe, nyuma yake kuna kasri. Mtoto wa Ujiji atasema asante, ataiweka kadi kando, kwa sababu ameshamwona huyo nguva mara mia. Ninavyoona mimi, kadi ya maajabu inataka ajabu moja tu. Vingine vyote viwe vitu ambavyo mtoto anavijua kama kiganja chake, ndipo ile ajabu inapomshtua. Mtoe nguva kwenye lile jiwe, mlete ziwani kwetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Nafasi ya kumficha nguva ipo ya kutosha. (Nguva halisi, yule mnyama anayenyonyesha, ni wa baharini, mkia wake umelala kama pangaboi. Wetu ni wa hadithi, mpe mkia wa samaki uliosimama.)

Hebu ione hivi. Ni usiku. Juu kuna mitumbwi miwili mitatu ya wavuvi wa dagaa na taa zao, mwanga umeshuka majini kwa mistari iliyokatikakatika, kama unavyoona ukisimama ufukweni Kibirizi. Kando ya mtumbwi mmoja nguva ametoa uso mpaka puani tu, anachungulia. Nywele kazisuka twende kilioni. Ndiyo, najua jina lenyewe haliendani na sherehe, lakini kwenye mhuri hakuna msuko unaotoka vizuri kama huo, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji kwenda kisogoni, na binti ataujua mara moja. Mkia unaonekana kwa mbali chini ya maji.

Na tafadhali, usiweke mwezi mpevu. Wengi wakichora usiku wanaweka mwezi mkubwa kama sinia. Usiku wa mbalamwezi kali taa hazivuti dagaa na wavuvi wanabaki nchi kavu. Ukiweka taa na mwezi mpevu kwa pamoja, mtoto aliyekulia Ujiji atakusahihisha mbele ya wageni. Weka nyota.

Kuhusu mkia, nakushauri uchague kati ya samaki wawili. Kuhe ana manjano na mabaka meusi ubavuni, ni rahisi kupaka na anachangamsha kadi. Mgebuka ni wa fedha, na hapo watu wengi hukimbilia penseli ya kijivu wakapata samaki wa saruji. Fedha haipakwi. Unaacha karatasi nyeupe ubavuni, unaweka bluu nzito mgongoni na kivuli chembamba cha kijivu tumboni, na jicho linamalizia lenyewe kwamba pale pana mng'ao.

Magamba usiyachonge moja moja kwa wembe, utajikata na yatatoka kama meno ya msumeno. Chukua kalamu ya bomba iliyokwisha wino, ondoa mrija, ukate mdomo wa bomba uwe safi. Uinamishe kidogo, ukandamize kwenye kifutio, uzungushe nusu. Unapata nusu mwezi. Inua, sogea upana wa gamba moja, rudia. Mstari wa pili uanzie katikati ya magamba mawili ya mstari wa juu, kama vigae vya paa. Dakika kumi mkia mzima umekwisha. Wembe utumie kuondoa eneo kubwa la nje tu, nusu yake ikiwa imezungushiwa tepu, na kila ukikata makali yake yashuke yakielekea nje ya mchoro, ili mstari unaobaki uwe mpana chini kuliko juu. Mstari uliokatwa wima au kuingia ndani unayumba ukigonga, na baada ya mara ishirini unang'oka.

Mitumbwi na mawimbi hayahitaji kifutio kizuri. Soli ya kandambili iliyochakaa, ikisuguliwa kwa msasa mpaka iwe tambarare, inatosha. Ila kama utachonga na jina la mtoto, lichonge kinyume. Liandike kwanza kwa penseli laini kwenye karatasi, ulaze uso wa karatasi juu ya kifutio, usugue mgongoni kwa kijiko. Linageuka lenyewe. Usijiamini kwamba utaligeuza kichwani, hata mimi baada ya miaka yote hii sithubutu.

Swali linalofuata utakaloniuliza ni hili: nguva nitamwekaje mbele ya mawimbi bila mistari ya mawimbi kumpita usoni? Mbele ndiyo hugongwa kwanza. Mgonge nguva kwenye karatasi mama. Mgonge tena kwenye kipande cha karatasi nyembamba, umkate kwa mkasi ukipita juu ya mstari wenyewe, siyo nje yake. Huyo wa karatasi mlaze juu ya yule wa kwanza, mshike kwa gundi kidogo sana au kwa kidole. Sasa gonga mawimbi, pitisha bila woga juu ya vyote. Ukiinua kile kipande, mawimbi yamekomea kwenye mashavu yake, na kichwa kinaonekana kimetoka majini kweli. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa nikikitazama kwa muda, na hata leo sijaizoea raha yake. Unaweza pia kumkata na kumbandika moja kwa moja, lakini ukingo wa karatasi huacha kivuli chembamba kwenye fotokopi, na utakuwa na kazi ya kukifuta.

Ukigonga, mhuri uuweke mezani uso juu, wewe ndiye upeleke pedi kwenye mhuri, uigongegonge kidogo kidogo. Mhuri ukiuzamisha kwenye pedi, wino unajaa kwenye mifereji. Chini ya karatasi tandika gazeti lililokunjwa mara mbili tatu, kandamiza wima, usiyumbishe, inua.

Nakala ikishatoka dukani, ndipo rangi. Anza na taa. Kila penye taa, na pale mwanga wake unaposhuka majini, weka manjano hafifu, uache ikauke. Kisha chukua mshumaa mweupe, uuchonge ncha kama penseli, upitishe juu ya yale manjano: nukta kwenye taa, mistari ya kukatikakatika chini yake. Hutauona mshumaa. Inamisha karatasi kuelekea dirishani utaona unang'aa. (Nikipata nta ya nyuki kutoka Tabora natumia hiyo, inashika karatasi vizuri zaidi, ila ina umanjano wake, kwa hiyo kwenye nyota situmii.) Sasa paka bluu yako ya maji juu ya kila kitu isipokuwa nguva. Nta inaikataa bluu, bluu inajikusanya pembeni, na taa zinawaka zenyewe usiku wako ukiwa umeingia. Weka bluu nyepesi kwanza, ikauke, kisha ya pili, kisha ya tatu kwenye pembe za chini ambako kina ni kirefu. Mkono ukikuwasha uweke bluu nzito mara moja, weka brashi chini uende ukaangalie maharage jikoni.

Nguva mwenyewe msubirishe. Manila ikikauka kabisa, mpake kwa penseli za rangi, hapo maji yasimfikie tena. Ngozi yake usiianze na kahawia. Anza na manjano iliyoiva au rangi ya chungwa, hafifu, uso mzima. Juu yake kahawia, kwa mikandamizo miepesi mingi badala ya mmoja mzito. Penye kivuli, yaani chini ya nyusi na upande wa mbali na taa, pitisha zambarau au bluu. Nyeusi iache, inaua uso. Na kwa kuwa taa iko juu yake, sehemu ya juu ya paji na ncha ya pua ziache na ile rangi ya chungwa ya mwanzo. Mwanga kwenye picha nzima utoke upande mmoja. Hili ndilo linalotofautisha kadi iliyopakwa rangi na kadi iliyojazwa rangi.

Penseli zikiacha michirizi, chovya pamba ya masikioni kwenye tone moja la mafuta ya watoto, ifute kwanza kwenye kitambaa, ndipo usugue taratibu. Mafuta yanalainisha nta iliyomo kwenye penseli na rangi zinaungana. Jaribu kwenye kipande kwanza, maana yakizidi karatasi inaonyesha upande wa pili. Na nakuomba, Shangazi, mawese yabaki jikoni. Yupo aliyejaribu, nguva akatoka na homa ya manjano na kadi ikanukia mchuzi.

Kukunja ni kazi ndogo. Pinda manila kidogo bila kuivunja, kwa urefu na kwa upana. Upande unaokubali kwa ulaini ndio uelekeo wa nyuzi, na mkunjo ukifuata nyuzi hauchaniki. Pitisha kalamu isiyo na wino kwenye rula kwanza, kisha kunja kuufuata huo mfereji. Nusu ya A4 iliyokunjwa katikati inaingia kwenye bahasha ya C6. Ukikosa C6, kata bahasha ya kaki uibandike upya, inampendeza nguva wa usiku kuliko nyeupe.

Una wiki ngapi? Kama ni mwisho wa mwezi, chonga Jumamosi hii, fotokopi Jumatatu, rangi siku mbili ukiacha ikauke usiku. Usiiweke dirishani ikauke haraka, jua la huku linafifisha rangi na kuipinda karatasi tena.

Mhuri uoshe kwa maji na sabuni, uukaushe, uufunge kwenye karatasi. Usiuweke ndani ya mfuko wa nailoni wala kuulaza juu ya rula ya plastiki, vifutio hivi vyeupe vinaweza kuyeyukia kwenye plastiki vikanata na mchoro wote ukaharibika. Utauhitaji. Mwakani anatimiza 10, na kwa ulivyomweleza sidhani kama atakuwa ameacha nguva.